Zambarau ya Urran

"Matope," alisema Bi Dolina. "Umefuma matope mengine."

Alikuwa amesimama mlangoni mwa banda, mkono mmoja umeshika mwimo wa mlango, uso ameuelekeza ukutani. Siku hizi alipotaka kutazama kitu aligeuza shingo akakitazama kwa upande, kama kuku anayekagua punje, kwa sababu katikati ya macho yake palikuwa na doa lisilofutika. Mgeni angedhani anamdharau. Wakati mwingine ni kweli alikuwa anamdharau.

Mwanawe, Lachlan Gillanders, hakuacha kufuma. Alikanyaga, akarusha kijiti cha uzi, akavuta chanuo la mtambo likakaza nyuzi, akakanyaga tena, na kitambaa kikazidi kujiviringisha kwenye gogo lililokuwa mbele ya tumbo lake. Kilikuwa kitambaa kilekile alichofuma tangu alipoacha shule ndevu hazijamtoka, baba yake alipokufa na kiti cha kufumia kikabaki kitupu. Miraba ya kahawia hafifu, miraba ya buluu ya kijivu, miraba ya buluu nzito, na katikati ya kila kahawia mstari mmoja mwembamba, mweupe wa kuchujuka. Tartani ya Bonde la Urran.

"Ni tartani ya bonde, Mama. Sikuibuni mimi."

"Najua hukuibuni wewe. Aliyeibuni angefungwa."

Mkewe Lachlan, Una, aliyekuwa akikunjua nyuzi pembeni, alicheka mpaka uzi ukamponyoka.

Katika milima ile karibu kila ukoo una miraba yake, na ukivaa ya ukoo usio wako watu watakutazama kama uliyevaa suruali ya jirani. Ya Urran haikuwa hivyo. Haikuuliza unaitwa nani. Ukiwa unalala bondeni, na moshi wa jiko lako unaonekana kutoka barabarani, basi ni yako. Waliivaa akina Gillanders na akina Mactavish, na aliivaa hata Kazik, Mpolandi aliyeletwa na jeshi wakati wa vita akabaki kuoa na kuchunga kondoo. Shuleni watoto walifundishwa maana yake: kahawia ni majani ya mlimani yaliyokauka kwa baridi, buluu mbili ni mto na ziwa, mweupe ni theluji. Watu wa Urran walijivunia ule ukavu. Mabonde mengine yana nyekundu na njano kama hema la sarakasi. Sisi, walisema, ni watu wa majira ya baridi.

Bi Dolina peke yake ndiye aliyekataa. Shuka la kwanza, lile ambalo wengine wote walinakili, lilikuwa la bibi yake mzaa baba. Lilitundikwa kwenye ukumbi wa bonde, ndani ya sanduku la kioo, kabla Lachlan hajazaliwa, na Bi Dolina alisema kwamba yeye, akiwa mtoto, alilala chini ya shuka lile, na halikuwa kahawia. Lilikuwa zambarau. Alikuwa amesema hivyo miaka na miaka, na watu walimjibu kama wanavyojibiwa wazee: ndiyo, Bi Dolina, ongeza chai.

Majira hayo ya kuchipua ndipo daktari wa mjini alipomwinamia na taa yake, akasema hakuna dawa. Lile doa la katikati litakua. Kufikia majira ya baridi hataweza kuona sura ya mtu wala rangi ya kitu kilicho mbele yake. Pembeni patabaki pakiona kidogo, kama mwanga unaopita kando ya pazia.

Walirudi kwa basi, na kwenye daraja la Urran Bi Dolina akafungua mdomo.

"Sura yako nimeiona ya kutosha," alimwambia Lachlan. "Ya mkeo pia. Ninachotaka kuona ni shuka la bibi yangu."

"Lipo ukumbini, Mama. Twende hata leo."

"Lile ni maiti yake, mwanangu. Nataka kuliona likiwa hai."

Lachlan alimpenda mama yake, lakini hakumwamini. Hilo ndilo lililomkaa rohoni wiki zile. Kama angemfumia tu kitambaa chochote cha zambarau kumfurahisha, mama angejua, kwa sababu hakuwa mjinga. Na kama kweli kahawia ilikuwa kahawia tangu mwanzo, basi mama alikuwa anaomba kuona kitu ambacho hakijawahi kuwapo.

Kilichomfungua macho ni pazia la jikoni. Lilikuwa limemfupia Una, naye akakaa mezani kulifumua pindo ili alirefushe. Lachlan alikuwa anakula uji wake wa shayiri. Aliona mkono wa mkewe unakunjua lile pindo, na ndani yake mkatoka ukanda mwekundu kama nyama mbichi. Pazia zima lilikuwa la rangi ya waridi iliyofifia. Alikuwa amesahau kabisa kwamba siku walipolinunua lilikuwa jekundu.

Aliweka kijiko chini.

"Nini?" Una akauliza. "Uji una nywele?"

"Shuka la ukumbini lina pindo," Lachlan alisema.

*

Mwenye ufunguo wa lile sanduku alikuwa Erchie Mactavish. Alikuwa na duka, alikuwa mwenyekiti wa ukumbi, na ndiye aliyeongoza bendi ya mazumari ya mfuko, kwa hiyo hapakuwa na jambo Urran ambalo Erchie hakuwa ameketi juu yake. Tena bendi ilikuwa imeagiza kwa Lachlan kitambaa kipya cha sketi zao kwa ajili ya michezo ya Agosti. Lachlan alimfuata Jumamosi mchana, mazoezi yalipokwisha, wapigaji bado wanafuta midomo.

"Hebu nisikie vizuri," Erchie alisema. "Unataka kutia wembe kwenye shuka la bonde."

"Kwenye pindo lake. Nifumue kidogo, nitazame ndani, Una alishone tena."

"Kwa sababu Bi Dolina kasema."

"Kwa sababu Bi Dolina anapofuka."

Watu walikuwa wamesogea. Mpiga ngoma mmoja akasema, si kwa sauti ndogo, "Juzi Bi Dolina alimwamkia mbuzi wangu."

"Nilimwamkia," ilijibu sauti mlangoni, "kwa sababu ndiye pekee mwenye adabu nyumbani kwako."

Bi Dolina aliingia ameshikwa mkono na Una. Wote wakacheka, mpiga ngoma naye akacheka, masikio mekundu. Erchie hakucheka. Alilikazia macho lile sanduku la kioo lililokuwa karibu na dirisha la kusini.

"Lachlan, ndugu yangu. Kitambaa hiki kimezeeka. Ukivuta uzi mmoja vibaya kitachanika kama karatasi iliyolowa. Na kama mama yako amekosea?"

"Nitakuwa nimekosea mimi."

"Wewe utarudi zako nyumbani. Sisi tutabaki na shuka lililopasuka. Hatuna jingine." Kisha akaongeza kwa sauti nyingine, "Ewan wetu alizikwa kule ng'ambo amevaa kahawia hii. Nilimfunga mkanda mwenyewe asubuhi aliyoondoka kwenda vitani. Sasa mje mniambie ndugu yangu alizikwa na uongo?"

Ewan walimkumbuka wote. Ni Bi Dolina aliyekwenda mpaka aliposikia pumzi ya Erchie ikiwa karibu, akageuza uso pembeni ili amwone.

"Alizikwa na nguo ya kwao," alisema. "Nguo imezeeka tu, Erchie. Hata mimi nimezeeka, na bado ni mimi."

Erchie alikaa akitazama viatu vyake. Kisha akatoa ufunguo mfukoni, akaubwaga juu ya meza ya chai.

"Urefu wa kidole," akasema. "Ukilichana, Lachlan, usije dukani kwangu hata kwa kiberiti. Na bendi itapata mfumaji mahali pengine."

Walilitandaza shuka juu ya meza. Lilikuwa jepesi kuliko Lachlan alivyodhani, na lilinuka vumbi na jua. Alikuwa amelinakili maisha yake yote kupitia kioo na hajawahi kuligusa. Aliweka wembe wa kunyolea pembeni mwa pindo, pale lilipokunjwa mara mbili na kushonwa kwa uzi wa kitani mgumu kama waya. Akauondoa, akafuta kiganja kwenye suruali, akauweka tena. Alifikiri: nikilichana nitaishi na watu hawa mpaka nife, na kila mmoja atalikumbuka hilo kabla hajalikumbuka jina langu.

Mshono wa kwanza ulikatika. Kitambaa hakikuchanika. Wa pili, wa tatu. Zikatoka chembe za mchanga, na nondo mkavu aliyekufa zamani. Lachlan alitia ukucha, akainua ukunjo wa juu, halafu ule wa ndani, polepole, kama mtu anayefungua kope la aliyelala.

Mkaonekana zambarau.

Ilikuwa ukanda mwembamba tu, lakini iling'aa kana kwamba bado imelowa, kana kwamba mwanamke aliyeitia rangi ameitoa chunguni sasa hivi na kwenda kunawa mikono. Kando yake, pale ambapo nje palikuwa na buluu ya kijivu, ndani palikuwa na kijani, kijani cha kangaga mbichi. Buluu nzito ilikuwa buluu nzito vilevile, haikuwa imebadilika hata kidogo. Na ule mstari mweupe wa theluji, ambao Lachlan aliufuma mpaka akaweza kuufuma amefumba macho, ulikuwa wa njano. Njano kali, isiyo na aibu.

Mpiga ngoma alikuwa amevua kofia bila kujua. Watu waliinama mmoja mmoja juu ya kile kipande, wanashusha pumzi pembeni wasije wakakipulizia, kama wanavyofanya wakionyeshwa mtoto mchanga.

Kazik alinyanyuka akatazama dirishani. Nje ilikuwa Mei, milima bado imekauka.

"Agosti," alisema. "Huo ni mlima wa Agosti."

Wakatambua wote kwa pamoja. Kila Agosti vile vichaka vifupi vya mlimani vinachanua, na bonde zima linageuka zambarau kutoka mtoni mpaka kileleni. Nao kila Agosti walisimama chini yake na bendi yao na sketi zao, wamevaa majani makavu.

"Niambieni," Bi Dolina alisema. Alikuwa ameinama kama wao, anageuza uso huku na huku juu ya meza, na kile kipande kilikuwa chembamba mno kwa macho yake. Kila alipokielekea doa lilikifunika. "Mbona mmenyamaza? Niambieni basi."

"Ni zambarau, Mama," Lachlan alisema.

"Si nilisema."

Erchie alichukua ufunguo wake mezani, akatoka bila kuaga.

*

Lachlan alianza kwa njia rahisi. Aliagiza uzi wa zambarau kutoka kiwandani mjini, akafuma kipande, akakipeleka nje kwenye mwanga na kumwekea mama yake karibu na sikio, upande alioona vizuri.

"Hiyo zambarau ya peremende," mama akasema. "Umeshawahi kuona mlima wa peremende?"

"Sasa yenu mliitoa wapi?"

"Kwenye mawe. Ule ukoga mweupe unaoota kwenye mawe ya juu. Nilimsaidia bibi kuukwangua kwa kijiko, baada ya mvua. Kisha unauloweka."

"Kwenye maji?"

Bi Dolina alitabasamu, kwa mara ya kwanza tangu kwa daktari. "Hapana, mwanangu. Si kwenye maji."

Habari ilienea kwa kasi ya habari za namna hiyo. Mfumaji anakusanya mikojo. Ukoga wa mawe hautoi rangi mpaka ulowe wiki kadhaa kwenye mkojo mkuukuu, unaokorogwa kila siku na kufunikwa. Una aliweka pipa nyuma ya banda, mbali iwezekanavyo, na haikuwa mbali vya kutosha. Mwanzoni watu walikuja kucheka. Kisha wakaanza kuja na ndoo. Kazik alileta yake juu ya mkokoteni, kwa heshima zote, kama mtu anayepeleka maziwa. Mke wa mchungaji wa kanisa aliiacha yake kwenye ukuta, imefunikwa kitambaa cha mezani, na hakuna aliyewahi kulitaja jambo hilo mbele yake.

Erchie hakuonekana. Lachlan alinunua kiberiti kwa lori la wauzaji lililopita Alhamisi, asije akajaribu bahati yake dukani. Shuka halikuchanika, lakini hakujua kama Erchie alihesabu hivyo.

Asubuhi moja alisikia hatua nje ya banda. Erchie alikuwa amesimama na ndoo kubwa ya bati, mkono ameunyoosha ndoo iwe mbali naye, uso ameukunja.

"Ya bendi nzima," akasema. "Jana niliwanunulia bia baada ya mazoezi. Niliwaambia wanywe kwa ajili ya bonde."

Lachlan aliipokea. "Walikunywa vizuri."

"Wamejitolea, mashetani hawa." Erchie alichungulia pipa, akarudi nyuma haraka. "Mungu wangu. Na bibi yake Dolina alilala chini ya kitu hiki?"

"Uzi ukishafuliwa haunuki."

"Nani kasema?"

"Yeye."

Erchie alitikisa kichwa. Alikuwa karibu kuondoka, kisha akasema bila kumtazama, "Fuma ya bendi hivyohivyo. Zambarau. Ewan asingependa tuonekane wazee." Akaenda zake.

Juni ikaisha. Lile pipa likageuka kutoka matope hadi kitu cheusi chenye ukingo mwekundu. Siku ya kutia rangi Una alikunja mikono ya blauzi, akatumbukiza mafungu ya sufu nyeupe kwenye chungu kikubwa, na walipoyainua kwa mti yalitoka mazito, yanachuruzika, na kila tone lililoanguka kwenye majani liliacha zambarau. Lachlan aliyatundika kwenye kamba. Alikuwa amefuma kwa nyuzi za kununua maisha yake yote, hajawahi kuiona rangi ikizaliwa. Aliyaacha akaenda kwenye chungu cha nili, ile rangi ya buluu, na kule sufu ilitoka ya kijani-njano, kama ugonjwa, akadhani wameiharibu. Halafu hewa ikaigusa. Buluu ilitambaa juu yake mbele ya macho yao, kutoka juu kwenda chini, bila mtu kuishika. Una alijishika kifua.

"Inajitia yenyewe," alinong'ona.

Baadhi ya buluu hiyo waliichemsha tena na majani ya kutoa njano na shabu mpaka ikawa kijani, na sufu nyeupe iliyotiwa chungu hichohicho ikatoka ya njano. Bi Dolina aliketi kwenye kigoda katikati ya moshi wote ule, ameinua pua.

"Ndiyo," alisema. "Ndiyo yenyewe. Bibi yumo humu."

Lakini aliponyoosha mkono kupokea fungu la zambarau, mkono ulipita pembeni, ukashika hewa. Una na Lachlan walitazamana. Lile doa halikuwa limengoja majira ya baridi.

*

Tartani haina mbele wala nyuma. Mistari inakwenda kwa mpango wake mpaka ifike kwenye mstari wa kati, hapo inageuka na kurudi njia ileile, na nyuzi za kupita zinafuata mpango uleule wa nyuzi za urefu. Ndiyo maana ukiigeuza kwa upande wowote inabaki ileile. Lachlan aliyajua hayo kama anavyojua njia ya chooni. Alizipanga nyuzi, akaketi, akakanyaga.

Alikuwa ametia rangi nne tu. Lakini zambarau ilipokutana na kijani hazikuwa zambarau wala kijani, zilikuwa kivuli cha chini ya kichaka. Zambarau juu ya buluu ilikuwa ile saa jua linapozama na mlima bado unaonekana. Kijani juu ya buluu ilikuwa maji yenye kina. Ule mstari wa njano ulipopita juu ya kila rangi ulibadilika, ukazama, ukaibuka, na ulipojikata wenyewe katikati ya zambarau uliwaka nukta moja ndogo kama cheche. Rangi hizo hakuzitia kwenye chungu chochote. Zilikuwa zinatokea tu, pale mbele ya tumbo lake, kati ya chanuo na gogo. Alikuwa amefuma mpango huuhuu kwa kahawia tangu ujana, kila uzi mahali pake, na haukuwahi kumwambia kitu. Alijikuta anafuma polepole, halafu anasimama kabisa, mikono magotini. Una alimkuta hivyo mara mbili, akaondoka bila kumsemesha.

Kitambaa kilipofuliwa na kukauka alikibeba mwenyewe mpaka kwa mama yake, akamwekea mapajani.

Bi Dolina alikipapasa. Aligeuza kichwa kulia, akageuza kushoto, akakinyanyua karibu na sikio.

"Sufu nzuri," alisema mwishowe. "Umekaza sawasawa."

"Rangi je, Mama?"

"Naona ukungu, mwanangu." Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayesema mvua inanyesha. "Kitu cha karibu siwezi tena. Usikasirike."

Lachlan alitoka akasimama nyuma ya banda, karibu na lile pipa, mahali ambapo hakuna mtu angemfuata. Alirudi baadaye akamuuliza, "Cha mbali je?"

"Cha mbali na kikubwa, kwa pembeni. Mlima naona kama upo. Wewe sikuoni."

Wakakubaliana kukitundika mlimani. Ilikuwa Jumamosi, siku ya michezo, na kulikuwa na upepo kidogo. Kazik na Una walivuka daraja na lile jora la kitambaa begani, wakapanda mpaka kwenye ukuta wa mawe wa zizi la juu, wakakitandaza chote juu yake, urefu wa ukuta mzima, wakakiwekea mawe kwenye ncha. Kisha wakajitenga, wakakaa chini wasizuie. Upande wa huku, kando ya barabara, Bi Dolina alikuwa amekalishwa kwenye kiti cha ukumbini, blanketi magotini. Bendi ilikuwa imesimama nyuma yake na sketi zao za kahawia, kwa sababu mpya zilikuwa bado hazijashonwa. Nusu ya bonde ilikuwepo. Michezo ilingoja.

Mlima ulikuwa umechanua wote.

"Haya, Mama," Lachlan alisema. Alichutama kando ya kiti. "Unakiona?"

Bi Dolina aliugeuzia mlima shavu lake.

"Nauona mlima," alisema.

"Na kitambaa? Kwenye ukuta wa zizi, chini ya mti ule wa pekee."

"Nauona mlima tu, Lachlan."

Lachlan aliinamisha kichwa. Basi. Walikuwa wamechelewa, wiki mbili labda, labda tatu, pipa lingekolea mapema kidogo, au yeye angemsikiliza mama yake miaka ishirini iliyopita wakati macho yalikuwa mazima. Aliinua uso autazame ule ukuta ili angalau aweze kumweleza, rangi kwa rangi.

Hakuuona.

Aliona mti. Alishuka na macho kutoka kwenye mti, mahali ambapo ukuta ulikuwa umesimama tangu enzi za babu yake. Palikuwa na mlima. Zambarau ya vichaka, kijani ya kangaga, vivuli vya buluu kwenye mikunjo ya ardhi, na kati yake hapa na pale vijiua vya njano. Alimwona Una, kitone cha blauzi nyeupe, ameketi. Kando ya Una kulipaswa kuwa na kitambaa kirefu kuliko ukumbi. Alifikicha macho.

"Kiko wapi?" Erchie aliuliza nyuma yake.

"Pale," mpiga ngoma akasema, akaonyesha.

"Pale ni mwamba, bwana wee."

"Basi pale, kushoto."

"Wamekitandaza kweli? Kazik hajalala njiani?"

Watu wote walikuwa wananyoosha vidole, na kila kidole kilielekea kwake. Kisha maneno yakapungua, vidole vikashuka. Mlima ulikuwa umekichukua. Walikuwa wamesimama wote na macho yao mazima, wanatazama kitu kikubwa mchana kweupe, na hawakioni.

Bi Dolina alikuwa ameshaacha kuutazama mlima. Uso wake ulikuwa umeelekea dukani kwa Erchie, kana kwamba amechoshwa na mambo yao. Upepo ukaja kutoka ziwani. Ghafla akainua mkono, bila kugeuza uso, akanyoosha kidole.

"Pale."

Wote waligeuka, na walikuwa wamechelewa, mlima ulikuwa umetulia. Ukaja upepo wa pili. Pale hasa kidole kilipoelekea, kipande cha mlima kilinyanyuka, kikapiga wimbi, mistari ya njano ikakimbia juu yake kutoka ncha hadi ncha, halafu kikalala tena chini na kuwa mlima.

Mtu mmoja katika bendi alitoa sauti ndogo, kama aliyeguswa na maji baridi.

"Mmeona?" Bi Dolina aliuliza. Mkono wake ulikuwa bado juu. "Bibi alikuwa anapotea hivyohivyo. Alipopanda kwa kondoo na shuka lake tulikuwa tunamtafuta mlima mzima, tunamwita, tunalia kabisa, kumbe amekaa mbele yetu. Mpaka asimame."

Lachlan alikinga macho kwa kiganja. Alikuwa bado anatafuta.